Picha Haisemi Peke Yake: Namba, Jina na Kitenzi katika Kumbukumbu za Magari ya Kale ya Mashindano ya Italia

Magari ya mashindano yanatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa lugha? Swali hili ni la haki, na tulijibu mapema. Wapenzi wa magari ya kale ya Italia wanapokutana, huweka picha mezani. Ziko picha zilizopigwa na wapiga picha wa magazeti, na ziko nyingine zilizotoka katika sanduku la familia, zimekunjika pembe na kuandikwa kwa kalamu upande wa nyuma. Halafu mazungumzo yanaanza: huyu ni nani, gari gani hili, ni mji gani, ni mwaka gani? Mmoja anasema alikuwepo, mwingine anasema baba yake alikuwa fundi wa gari lile. Mwisho wa mazungumzo hayo sentensi mbili au tatu zinaandikwa chini ya picha, na kuanzia hapo watu wengi watasoma zile sentensi kwanza kabla hawajaitazama picha yenyewe. Sentensi hizo ndizo shamba letu. Tutaziita maelezo ya picha, na katika somo hili tutajaribu kuonyesha kwamba sarufi yake, hata kiambishi kimoja tu, huamua kama msomaji anapewa ushahidi, hadithi, au kitu cha kuficha jambo.

Mifano yetu mingi itatoka katika mashindano ya Mille Miglia, maana yake maili elfu moja. Yalianza mwezi wa Machi 1927 kwa juhudi za marafiki wanne: Aymo Maggi, Franco Mazzotti, Renzo Castagneto na mwandishi wa habari Giovanni Canestrini. Magari yaliondoka Brescia, kaskazini mwa Italia, yakashuka hadi Roma na kurudi Brescia, jumla ya kilomita 1600 hivi. Mwaka ule wa kwanza mshindi, gari la O.M. lililotengenezwa palepale Brescia, lilitumia saa 21 na dakika 4. Mpaka mwaka 1957 mashindano hayo yalifanyika mara 24.

Jambo la kushika ni kwamba hayakufanyika katika uwanja uliozungushiwa ukuta. Yalipita katika barabara za kawaida, katikati ya vijiji, mbele ya kanisa na mlango wa muuza mkate. Hakuna aliyelipa kiingilio ili ayaone. Ndiyo sababu picha zake ni nyingi hivyo, na ndiyo sababu kumbukumbu zake ni za watu wa kila namna: dereva, fundi, padri, na mtoto aliyekaa juu ya ukuta akila chungwa. Sababu hiyohiyo, kama tutakavyoona, ndiyo iliyoyamaliza.

Tuanze na namba iliyopakwa kwenye ubavu wa gari. Asiyejua huiona kuwa namba ya kuandikishwa tu, kama ile ya mgongoni mwa mchezaji wa mpira. Katika Mille Miglia, tangu mwaka 1949, namba ilikuwa saa. Gari lenye 531 liliondoka Brescia saa 5:31 asubuhi kwa saa za Ulaya. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili ni saa kumi na moja na dakika 31 alfajiri. Magari madogo yalitangulia usiku na yenye nguvu yakaja nyuma, moja baada ya jingine.

Tuchukue mwaka 1957. Ferrari ya Alfonso de Portago ilikuwa na namba 531, ya Wolfgang von Trips 532, ya Peter Collins 534, ya Piero Taruffi 535. Maserati ya Stirling Moss ilikuwa 537. Sasa fikiria picha ya barabarani inayoonyesha 532 mbele na 535 nyuma yake kidogo. Macho yanasema 532 anaongoza. Namba inasema kinyume: aliye nyuma aliondoka dakika tatu baadaye, kwa hiyo kama sasa yuko karibu kumfikia mwenzake, amekwisha kumshinda kwa muda wa karibu dakika tatu. Anayeandika chini yake "Von Trips akimwongoza Taruffi" ameeleza barabara, hakueleza mashindano. Kiswahili kina njia rahisi ya kutenganisha mambo hayo mawili: kutangulia na kuongoza si neno moja. Von Trips anatangulia, Taruffi anaongoza. Mwaka ule Taruffi ndiye aliyeshinda, von Trips akawa wa pili. Taruffi alikuwa amemwahidi mke wake kwamba akishinda ataacha mashindano, naye alitimiza ahadi.

Kuna picha za mwaka huohuo zilizopigwa kutoka ndani ya gari 534. Louis Klemantaski, mpiga picha, alikaa kando ya Collins kama msaidizi wa njia, karatasi ya njia na kamera mikononi, hadi gari lao lilipoharibika Parma likiwa linaongoza. Kwa wanafunzi wa fasihi picha hizi zina thamani ya pekee, maana msimulizi yumo ndani ya tukio. Ukingo wa barabara, watu wanaorudi nyuma, mikono ya dereva kwenye usukani: tunaona anachokiona msafiri, hatuoni gari. Ni nafsi ya kwanza kwa lugha ya kamera. Wengine wote waliopiga picha za 534 siku ile walitumia nafsi ya tatu.

Baada ya namba ya saa kuna namba ya jina, na hapa mofolojia ni tajiri kuliko nilivyotarajia nilipoanza kazi hii. Gari la kwanza lenye jina la Ferrari, la mwaka 1947, liliitwa 125. Injini yake ilikuwa na silinda 12, na kila silinda ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 125 hivi. Zidisha, utapata 1500, yaani lita moja na nusu. Kwa kanuni hiyohiyo 250 ni lita tatu, 315 ni karibu lita tatu na robo tatu, na 335 ni lita nne. Jina linataja sehemu moja, na msomaji anatakiwa ajue kizidisho.

Lakini Alfa Romeo walikuwa na sarufi nyingine. Alfa Romeo 158, gari ambalo Giuseppe Farina alilitumia kuwa bingwa wa dunia wa kwanza mwaka 1950, lazima lisomwe kwa kukata: 15 na 8, yaani lita 1.5 na silinda 8. Maserati nao walitaja ujazo wote. Maserati 250F, ambalo Juan Manuel Fangio alichukulia ubingwa wake wa mwisho mwaka 1957, ni gari la lita 2.5, na herufi F ni ya Formula. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, katika nchi moja, na viwandani ambako unaweza kutoka kimoja ukafika kingine kwa baiskeli, kwa maana Maranello na Modena ni majirani, 250 ilikuwa na maana mbili. Ferrari 250 ni lita tatu; Maserati 250 ni lita mbili na nusu. Umbo ni moja, mizizi ni tofauti. Tukifundisha homonimia kwa kutumia neno "kaa" tu, wanafunzi wanasinzia. Huu ni mfano mwingine wa kuwaamsha.

Tena Ferrari wenyewe hawakushika kanuni yao daima. Dino 246, gari ambalo Mike Hawthorn alikuwa bingwa nalo mwaka 1958, husomwa kwa kukata kama Alfa: lita 2.4, silinda 6. Ndivyo ilivyo pia kwa 156 ya mwaka 1961. Lugha ya kiwanda hubadilika kama lugha ya mtaa. Mzee anayesema "lilikuwa mia mbili hamsini" bila kutaja kiwanda hajasema uongo, lakini bado hajatuambia kitu, na aliyemsikiliza akiandika anayejaza nafasi hiyo kwa kubahatisha ndiye anayezaa kosa.

Pembeni ya namba kuna majina ya sitiari. Barchetta ni mtumbwi mdogo, jina walilopewa magari yasiyo na paa kama Ferrari 166 MM ya mwaka 1948. Testa Rossa ni kichwa chekundu, kwa sababu ya vifuniko vya injini vilivyopakwa rangi nyekundu. Kwa hiyo kichwa hicho hakionekani mpaka kapoti ifunguliwe. Squalo ni papa. Alfetta ni Alfa mdogo, jina la mapenzi la 158, lenye kiambishi cha udogo kama vile sisi tunavyosema kigari au kajumba. Hata neno scuderia, ambalo leo watu hulisikia kama jina la timu ya magari tu, maana yake ni zizi la farasi. Na farasi mwenyewe yupo: yule mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma alikuwa alama ya rubani Francesco Baracca katika Vita vya Kwanza vya Dunia, naye alionekana kwenye magari ya Scuderia Ferrari kwa mara ya kwanza mwaka 1932 huko Spa, Ubelgiji. Je, mfasiri atafsiri majina haya? Kwa maoni yangu, asitafsiri jina, bali aeleze maana yake mara moja, kisha aliache. Mtumbwi mdogo wa Ferrari ungemfanya msomaji wa Kalemie atafute ziwa.

Kuhusu rangi nitasema machache. Zamani kila nchi ilikuwa na rangi yake ya mashindano: Italia nyekundu, Ufaransa buluu, Uingereza kijani, Ubelgiji njano. Katika picha nyeusi na nyeupe mpaka huo unapotea, na kwa filamu za kale ambazo hazikuhisi wekundu, gari jekundu hutoka karibu jeusi. Wabelgiji waliendesha Ferrari za njano. Olivier Gendebien aliendesha Ferrari 156 ya njano huko Spa mwaka 1961. Anayeandika "Ferrari nyekundu" chini ya picha isiyo na rangi ameandika mazoea yake.

Tufike kwenye kumbukumbu yenyewe. Hadithi inayopendwa kuliko zote ni ya mwaka 1930. Tazio Nuvolari, akiwa na msaidizi wake Giovanni Battista Guidotti katika Alfa Romeo 6C 1750, alikuwa anamfukuza Achille Varzi, mpinzani wake aliyekuwa katika gari la kiwanda hichohicho. Kisa husimuliwa hivi: Nuvolari alizima taa, akamfuata Varzi gizani bila kuonekana, wakakaribia Brescia, akawasha taa ghafla, akampita.

Tazama kilichotokea katika sentensi hiyo. Kitenzi cha kwanza kina -li-, na vyote vinavyofuata vina -ka-. Kiambishi hiki hupanga matukio kama shanga kwenye uzi, na kina nguvu ya kumfanya msikilizaji asiulize. Kila -ka- inaazima uhakika wa ile iliyotangulia. Tukikubali kwamba alizima, tumekwisha kukubali kwamba akawasha. Waitaliano nao wana ujanja wao: husimulia kisa hiki kwa wakati uliopo, Nuvolari anazima, anafuata, anawasha, na msikilizaji anajikuta amekaa kwenye kiti cha Guidotti.

Sasa tuulize. Nuvolari aliondoka Brescia baada ya Varzi. Kwa kanuni tuliyoiona hapo juu, hakuhitaji kumpita ili amshinde. Kwa saa alikuwa amekwisha kuongoza. Ushindi wake ni wa hakika, na ni wa hakika pia kwamba mwaka ule alikuwa wa kwanza kumaliza Mille Miglia kwa wastani wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Taa zilizozimwa ni jambo jingine. Watafiti wamelibishania, wengine wakisema kulikuwa kumekwisha kupambazuka kiasi kwamba kuzima taa hakukuwa na maana kubwa. Picha zinazoambatanishwa na kisa hicho haziwezi kusaidia. Giza lisilo na taa halipigiki picha.

Jan Vansina, aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai kabla ya kutoa kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo simulizi, alituachia swali ambalo kila mwanafunzi wa hapa analijua: habari hii imepitia kwa nani hadi kufika kwako? Swali hilo halikutungwa kwa ajili ya wafalme na koo peke yao. Linafaa vilevile kwa meza ya wapenzi wa magari mjini Brescia. Na Kiswahili kimetupa vifaa vya kulijibu ndani ya sentensi yenyewe, bila kuandika tanbihi. "Nuvolari alizima taa" ni dai la mwandishi. "Inasemekana Nuvolari alizima taa" inatua mzigo kwa watu wengi wasio na jina. "Husimuliwa kwamba alizima taa" inaongeza kwamba kisa ni cha desturi, kinarudiwa. "Ati alizima taa" inaweka mkono shavuni. Mfasiri anayekutana na sentensi ya Kiitaliano isiyo na alama hizo ana kazi ya kuchagua, na akikimbilia -li- na -ka- kwa sababu ndizo zinazopendeza masikioni, amebadilisha hadithi kuwa ushahidi. Sisemi hadithi ifutwe. Ni nzuri mno. Nasema ivae nguo zake.

Mfano mwingine unahusu gari lililobadilisha jina. Lancia D50, kazi ya mhandisi Vittorio Jano, lilionekana mashindanoni kwa mara ya kwanza Barcelona mwishoni mwa mwaka 1954. Lilikuwa na matangi ya mafuta pembeni, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Dereva wake mkuu, Alberto Ascari, alitumbukia baharini nalo huko Monaco tarehe 22 Mei 1955, akatoka akiogelea. Siku nne baadaye alikufa Monza akijaribu Ferrari ya rafiki. Alikuwa na miaka 36, umri uleule aliokufa nao baba yake Antonio, dereva pia, tarehe 26 Julai 1925. Tarehe 26 na tarehe 26. Wapenzi wa magari hawachoki kuhesabu hesabu hiyo, nami nimejikuta nikiihesabu pia.

Lancia, waliokuwa na shida ya fedha, waliacha mashindano na kuyakabidhi magari yao kwa Ferrari. Mwaka 1956 Fangio akawa bingwa katika gari hilo, likiwa na farasi mweusi ubavuni. Je, ni Lancia au ni Ferrari? Picha inajibu kwa sehemu: matangi yakiwa yametengana na bodi, tuko 1954 au 1955, yakiwa yameunganishwa na bodi kuwa kitu kimoja, tuko 1956. Lakini jina linabaki kuwa suala la msemaji. Mtu wa Torino husema Lancia. Mtu wa Maranello husema Ferrari. Wenye busara husema Lancia-Ferrari, wakaacha kistari kibebe ugomvi.

Ugomvi huo si wa maneno matupu. Magari ya mashindano yaligongwa, yakajengwa upya, injini ya hili ikawekwa katika lile, bodi ikatupwa ikatengenezwa nyingine. Kinachodumu ni namba ya shasi, na hata hiyo inaweza kugongwa upya kwenye chuma kingine. Mwaka 2018 Ferrari 250 GTO moja iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Kwa bei kama hiyo, picha ya zamani inayoonyesha mkunjo fulani wa bati au safu ya ribiti mahali fulani inakuwa hati, na mzee aliyekuwepo anakuwa shahidi. Hapo tazama tofauti ya sentensi hizi: "Gari hili ni la aina iliyoshinda", "Gari hili lilishinda", "Hili ndilo gari lililoshinda". Ya kwanza haina hatari. Ya tatu, kwa sababu ya ndilo, inafunga mlango kwa magari mengine yote duniani. Nimesoma maelezo ya picha yaliyotafsiriwa ambamo ndilo iliingizwa kwa ajili ya utamu tu. Neno la herufi tano, na nyuma yake kuna mamilioni ya dola.

Nimeliacha la mwisho jambo lililonifanya niandike. Tarehe 12 Mei 1957, gari 531, Ferrari 335 S, lilisimama katika kituo cha Roma. Mwigizaji Linda Christian aliinama akambusu Portago, kamera zikawaka, gari likaondoka. Saa kadhaa baadaye, likiwa linakaribia mwisho wa safari, katika barabara iliyonyooka kati ya Cavriana na Guidizzolo, tairi moja lilipasuka kwa kasi kubwa. Gari liliwarukia watu waliosimama ukingoni. Portago alikufa, na msaidizi wake Edmund Nelson alikufa. Watazamaji tisa walikufa, watano kati yao watoto. Baada ya siku hiyo Mille Miglia kama mashindano ya kasi katika barabara za umma ilikwisha.

Picha ya Roma ilipewa jina: busu la kifo. Jina hilo linajua kisichojulikana na mtu yeyote aliyemo ndani ya picha. Ni maelezo yaliyoandikwa kutoka wakati ujao. Msomaji akiliona, hatazami tena mwanamke na dereva. Anatazama ajali ambayo haipo pale. Na katika ajali hiyo anamtazama mtu mmoja, kijana tajiri, mzuri wa sura, mwenye cheo cha kikabaila. Wengine kumi hawamo katika busu.

Kisha kuna kitenzi. Nimeandika "tairi lilipasuka", na kila lugha niliyosomea habari hii hutumia kitenzi cha namna hiyo. Kwa Kiswahili pasuka iko katika kauli ya kutendeka: jambo limefika kwenye hali fulani, mtendaji hatajwi wala haulizwi. Kikombe kimevunjika, asema mtoto, na mama anajua kwa nini hakusema nimekivunja. Lakini swali lililokuwa mbele ya mahakama ya Italia lilikuwa juu ya mtendaji hasa. Enzo Ferrari alishtakiwa kwa kusababisha vifo. Je, tairi lilipasuka lenyewe kwa sababu halikufaa kwa kasi ile? Au lilikatwa na kitu kilichokuwa barabarani? Na husimuliwa kwamba Bologna mafundi waliona sehemu ya gari imepinda karibu na gurudumu, wakataka kubadilisha tairi, Portago akakataa asipoteze muda; kama ni hivyo, tairi lilisagwa, na aliyeamua ni dereva. Lilipasuka, lilikatwa, lilisagwa: vitenzi vitatu, na kila kimoja kinaelekeza kidole kwingine. Mwaka 1961 Ferrari aliachiwa huru.

Mtu anaweza kusema kwamba pasuka ndiyo ya kweli zaidi, kwa kuwa haidai kisichothibitishwa. Nakubali, kwa sharti moja. Kauli ya kutendeka ikitumika kwa tairi, isiendelee kutiririka hadi kwa watu. Nimeona maelezo yasemayo gari "lilitoka barabarani" na "maisha yakapotea", kama vile maisha ni funguo. Watu hao hawakupotea. Waliuawa na gari, wakiwa wamesimama mahali ambapo watu wa vijiji vile walikuwa wamesimama kila mwaka. Hapo kauli ya kutendwa inahitajika, na mtendaji, yaani gari, atajwe. Kando ya barabara ile kuna mnara wa kumbukumbu. Katika picha nyingi zinazopendwa, gari 531 linaonekana mpaka kwenye namba ya shasi, na wale tisa hawana hata idadi.

Katika semina yetu tulijaribu kuandika maelezo mapya ya picha ya Roma. Tulikubaliana kwamba sentensi za kwanza zisijue zaidi ya kamera ilivyojua, na kwamba habari za baadaye zianze katika sentensi yake, zikiwa na wakati wake. Haya ndiyo tuliyofikia:

"Roma, 12 Mei 1957. Alfonso de Portago katika Ferrari 335 S, namba 531, iliyoondoka Brescia saa kumi na moja na dakika 31 alfajiri. Linda Christian anambusu. Alasiri ya siku hiyo, karibu na Guidizzolo, tairi la gari hili lilipasuka, na chanzo chake kilibishaniwa mahakamani. Waliuawa Portago, msaidizi wake Edmund Nelson, na watazamaji tisa, ambao watano kati yao walikuwa watoto."

Ni marefu kwa maelezo ya picha, na mhariri yeyote angetaka kuyapunguza. Tuliyafupisha mara mbili pale darasani kwa kujaribu, na mara zote mbili waliotoka kwanza walikuwa wale tisa.